AC ya sola kwa usiku wa pwani: betri, barafu au ukuta?

#1 KigamboniKwetu
Wakuu, heshima kwenu.

Nina chumba cha kulala Kigamboni, mita 4 kwa 3.5, tofali za saruji za inchi 6, juu bati, chini yake jipsamu. AC ninayo tayari, ya inveta (kompresa yake inapunguza na kuongeza mwendo), BTU 9,000, na sasa hivi inakula Luku, umeme wa kulipia kabla. Nataka iendeshwe na jua peke yake. Nimeita mafundi watatu nikapata majibu matatu. Wa kwanza: nunua betri ya lithiamu ya uniti 5 (kilowati-saa 5), umemaliza. Wa pili: betri ni kutupa hela, gandisha barafu mchana, usiku upitishe hewa hapo. Wa tatu hakuuliza hata habari ya paneli, alipanda darini, akashuka ananiambia tatizo langu liko huko juu.

Ugumu wenyewe mnaujua. Jua la maana linawaka saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, mimi naingia kulala saa 3 usiku. Februari nikizima AC, saa 8 usiku humu ndani ni nyuzi 30 na shuka limelowa.

Msimamo wangu: betri iwe ndogo kadiri inavyowezekana, paneli ziwe nyingi kadiri bati linavyobeba, kwa sababu paneli zimeshuka bei sana na betri ndiyo inayokufa mapema. Anayepinga aje na sababu.

#2 Bwana Hesabu
Tuweke namba kwanza, la sivyo tutabishana hadi kusi ianze kuvuma.

AC kama yako, chumba kimefungwa vizuri, umeweka nyuzi 25: usiku inatulia kwenye wati 350 hadi 450. Chukua 400. Saa 9 za usingizi ni uniti 3.6. Inveta ya sola, ile inayogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, nayo inakula kama asilimia 10, kwa hiyo betri itoe uniti 4. Betri ya volti 51.2, ampea 100 kwa saa, inabeba uniti 5.12, ukiacha asilimia 20 isiguswe unabaki na 4.1. Inatosha, ila kwa kubana.

Paneli: kwa Dar, ukishatoa hasara ya joto, vumbi na nyaya, kilowati 1 ya paneli tegemea uniti 3.5 hivi kwa siku ya kawaida. Hesabu inasema kilowati 1.2. Kwa sababu ya mawingu weka 1.8, yaani paneli 4 za wati 450.

Sasa pesa. Kwa T1 (bei ya matumizi ya kawaida), Luku ya 1,000 inakupa uniti 2.8, kwa hiyo zile uniti 3.6 za AC ni kama shilingi 1,285 kwa usiku. Joto kali ni Novemba hadi Machi, usiku 150 hivi, jumla inafika 193,000 kwa mwaka. Chukua bei ya betri uliyotajiwa, igawanye kwa hiyo, uone miaka.

#3 Fundi Baridi
Hesabu safi mkuu #2, ila wati 400 ni za AC iliyofungwa na mtu anayejua kazi. Nyingi ninazozikuta mtaani fundi hakutumia pampu ya kunyonya hewa. Alifungulia gesi kidogo ikasukuma hewa itoke, akakaza nati, akaondoka. Hewa na unyevu vinabaki ndani ya bomba, presha ya upande wa nje inapanda, kompresa inakula umeme wa ziada maisha yake yote. Baadaye mteja anailaumu betri.

Halafu Kigamboni kuna chumvi. Mashine ya nje ikikaa uso kwa uso na upepo wa bahari, baada ya muda yale mapezi ya alumini nyuma yake yanageuka unga mweupe. Ukiyagusa kwa kidole yanadondoka. Hapo joto halitoki tena hata uwe na paneli za uwanja mzima. Isogeze upande wa kivuli, mbali na bahari, na ioshwe kwa maji baridi mara kwa mara.

Kwa wengine wanaosoma: usifunge AC isiyo ya inveta kwenye sola ndogo. Kompresa yake ikiwaka inavuta mara 4 hadi 6 ya umeme wake wa kawaida, kwa hiyo utalazimika kununua inveta kubwa kwa ajili ya sekunde moja tu.

Na gesi: ukinunua AC mpya chukua yenye gesi ya R32. R410A inapasha dunia joto zaidi ya mara 2,000 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule, R32 ni 675. Makubaliano ya Kigali ya 2016 yanazipunguza hizi kubwa hatua kwa hatua. R290, ambayo ni propani, haifiki hata 5, ila inawaka moto, usimpe fundi wa kubahatisha.

#4 Mama Nassra
Assalaam aleikum. Nyumba ya bibi yangu Mji Mkongwe ina kuta za mawe na chokaa, unene wake dhiraa moja, dari ya boriti, madirisha marefu, ua katikati. Ukitoka barabarani saa 7 mchana ukaingia ndani unahisi mwili unashuka. Hatukuwa na AC wala hatukuitaja. Wanangu, hizo sola mnazitaka zifanye kazi ambayo nyumba ingeifanya yenyewe.

#5 Msanifu wa Upanga
Mama, shikamoo. Kwa mchana uko sahihi kabisa. Kwa usiku siafiki. Ukuta wa nusu mita unameza joto mchana kutwa na kulitapika usiku. Unafaa sana sehemu ambazo usiku ni wa baridi, kama Dodoma au Iringa. Pwani mwezi wa pili joto la nje halishuki chini ya 25 kirahisi, kwa hiyo ukuta haupati baridi ya kujipoza nayo. Kilichosaidia nyumba za zamani ni upepo: vyumba vyembamba, maana boriti ya mkoko haizidi sana mita 3, na madirisha yanayotazamana.

Kwa mwenye uzi: fundi wako wa tatu ndiye aliyeona. Bati saa 8 mchana linafika nyuzi 60. Hewa ya darini inapikika, jipsamu inapata moto, na usiku unalala chini ya dari inayokupigia joto usoni. Fungua matundu ya hewa kwenye kofia za paa, tandika sufi ya kuzuia joto juu ya jipsamu, paka bati rangi nyeupe. Ukishamaliza hayo ndipo uite mtu wa paneli. Kila wati unayoizuia kuingia hununui paneli yake wala betri yake.

#6 Mama Nassra
Marahaba mwanangu. Ila mimi nimelala humo, wewe umezisoma.

#7 Mtu wa Gridi
Samahani, mbona mnazunguka? Bwawa la Nyerere pale Rufiji ni megawati 2,115, mashine 9 za 235 kila moja. Hayo ni maji, ni nishati jadidifu tayari. AC ya KigamboniKwetu ikiwa kwenye Luku sehemu kubwa ya umeme wake inatoka mtoni. Gridi ndiyo betri yake, na ni betri ambayo hatainunua wala kuitupa. Hiyo 193,000 ya #2 ndiyo jibu la uzi huu.

#8 Kisauni Moja
Mkuu wa Gridi, hapa Mombasa hiyo hoja inakwama jioni. Kenya stima nyingi ni ya mvuke wa Olkaria, upepo wa Turkana na maji, karibu asilimia 90 kwa mwaka. Lakini ikifika saa 1 jioni, watu wamerudi nyumbani, AC na taa zote zimewaka, ndipo mitambo ya mafuta hapa Kipevu inapoitwa. Kwa hiyo AC ya usiku na AC ya mchana si kitu kimoja, hata kama mita ni ileile. Ukitaka kuwa wa jadidifu kweli, angalia saa.

#9 KigamboniKwetu
Asanteni nyote. Mtu wa Gridi, hesabu yako naiheshimu, lakini mtaani kwetu saa 2 usiku umeme unakuwa mdogo, pangaboi inazunguka unaweza kuhesabu panga zake. AC ya inveta inajikata. Bwawa liko Rufiji, transfoma iko hapa.

Msanifu, sufi ya darini nimeipenda. Ila hata ukizuia joto la juu, kuna watu wawili na mtoto ndani, na kuna unyevu. Bado baridi ya usiku itoke mahali fulani. Anayejua habari ya barafu ajitokeze.

#10 Bwana Hesabu
Barafu nimeipigia hesabu.

Usiku mzima AC yako inatoa baridi ya kama uniti 12 (wati 400 za umeme, kila wati inahamisha joto la wati 3 na kidogo, mara saa 9). Kilo 1 ya barafu ikiyeyuka inameza uniti 0.093, na maji yake yakipanda hadi nyuzi 10 yanameza 0.012 zaidi. Gawanya: kilo 115 hivi. Ni tangi dogo kuliko pipa la lita 200. Linakaa nyuma ya nyumba.

Hasara iko hapa: kugandisha maji lazima kompresa ishuke hadi nyuzi 5 au 10 chini ya sifuri, na huko kila wati ya umeme inahamisha joto la wati 2 na kidogo tu. Kwa hiyo unatumia umeme kama uniti 5.5 badala ya 4 na ushee. Lakini huo ni umeme wa mchana, wa paneli, bei yake iko chini. Unabadilisha betri inayochoka kwa tangi la maji lisilochoka. Mimi hapo nakubaliana na fundi wa pili.

#11 Dada Chanjo
Hiki mnachokiita kipya sisi vituo vya afya tunacho. Friji za chanjo za sola za sasa hazina betri. Paneli inaendesha kompresa moja kwa moja, baridi inahifadhiwa kwenye barafu iliyozunguka sehemu ya chanjo, na usiku ile barafu inashikilia kati ya nyuzi 2 na 8. Zikija siku za mawingu bado inashika. Kabla ya hapo zilikuwepo za betri, na kilichokuwa kikifa ni betri: unakuta paneli nzima juu ya paa, friji nzima ndani, betri imevimba na hakuna wa kuleta nyingine. Barafu haivimbi ikafa.

#12 Fundi Baridi
Dada, friji ya chanjo ni boksi dogo lenye ukuta mnene wa kuzuia joto, na hakuna anayepumua humo. Chumba cha kulala ni mnyama mwingine. Kugandisha kilo 115 kati ya saa 4 na saa 10 unahitaji kompresa ya ukubwa wa AC hiyohiyo, ila iliyotengenezwa kwa ajili ya baridi kali. Friza ya kawaida ya nyumbani itakupa labda kilo 15 au 20 kwa siku. Halafu pampu, maji yenye dawa ya kuzuia kuganda, koili na feni chumbani, mabomba yaliyovikwa sponji kila sentimita, maana penye upenyo patatoka jasho na ukuta utaota ukungu. Kwenye hoteli au ukumbi, sawa, na mitambo hiyo ipo. Kwa chumba kimoja, nenda Kariakoo uitafute. Utarudi na betri.

#13 Mswahili Maskati
Salaam kutoka Oman. Huku Juni usiku mara nyingi haushuki chini ya 30, kwa hiyo AC haizimwi kabisa na swali la usiku ndilo swali lote. Tangu 2017 kuna mpango wa Sahim, mwenye nyumba anaweka paneli na ziada yake inaingia kwenye gridi. Mchana unalisha, usiku unavuta. Na miji ya Ghuba ina mitambo ya mtaa mzima: mtambo mmoja unapoza maji, yanapelekwa kwa mabomba kwenye majengo, na mingine ina matangi makubwa ya kuweka baridi ya kutumia baadaye. Kwa hiyo Fundi ana haki kwamba ni jambo la ukubwa. Nyumba 20 za mtaa mmoja Kigamboni zikichangia tangi moja, hesabu inabadilika. Shida ni kuwapata majirani 20 wanaolipa kwa wakati.

#14 Kisauni Moja
Hiyo ya kulisha gridi hata kwetu Sheria ya Nishati ya 2019 inaitambua. Ukiipata, betri unaisahau.

#15 MtotoWaBuza
Wakuu, nimeona tangazo la AC yenye mirija ya vioo ya jua juu ya mashine ya nje, kama ile ya kuchemsha maji. Wanasema jua linaisaidia kompresa, umeme unashuka nusu. Hakuna paneli wala betri. Mbona hamuitaji?

#16 Bwana Hesabu
Kwa sababu haiingii akilini. Gesi ikitoka kwenye kompresa ina joto, na kazi nzima ya mashine ya nje ni kulitupa joto hilo. Ukiipitisha kwenye mirija ya jua kwanza, umeiongezea joto lingine ambalo nalo lazima litupwe. Umeisaidia vipi?

#17 Babu wa Mbezi
Ninayo hiyo, nimeifunga chumba cha wageni, na Luku imepungua kweli. Semeni mtakavyo.

#18 Fundi Baridi
Mzee wangu, shikamoo. Kabla yake ulikuwa na AC gani?

#19 Babu wa Mbezi
Marahaba. Ya dirishani, ya zamani.

#20 Fundi Baridi
Basi umetoka kwenye kompresa ya kuwaka na kuzima ukaingia kwenye ya inveta. Hapo tu umeokoa. Siku yenye jua kali ifunike ile mirija kwa turubai, kesho yake ifunue, uangalie mita. Utuletee namba mzee.

#21 Babu wa Mbezi
Nitafunika. Ila nawe ukubali kwamba wanaouza wanasema gesi ikipata moto zaidi inapoa haraka zaidi kwenye hewa, na mimi sioni ubaya wa hoja hiyo.

#22 Bwana Hesabu
Babu, inapoa haraka mwanzoni kwa sababu umeipasha. Haiishii chini ya pale ambapo ingeishia.

#23 Mzee Kerosini
Vijana, kuna baridi inayotoka kwa joto kweli, na wengi wenu mmekua nayo. Friji la mafuta ya taa! Zahanati za vijijini na misheni, utambi chini unawaka, juu barafu. Halina kompresa. Moto unachemsha amonia itoke kwenye maji, amonia inapoa, ikivukiza inavuta joto. Mwaka 1878, kwenye maonyesho ya Paris, Mfaransa Augustin Mouchot alitumia kioo kikubwa cha kukusanya jua akatengeneza barafu kwa njia ya namna hii. Kwa hiyo AC ya sola bila paneli inawezekana. Jua lenyewe ndilo utambi. Mashine za hivi za majengo zinatoa baridi mara moja na nusu ya joto unalozipa.

#24 Msanifu wa Upanga
Mzee, historia nzuri sana, nimejifunza. Namba ya mwisho tu: za hatua moja (joto linatumika mara moja tu), zinazotumia maji ya nyuzi 80 hadi 95 ambayo mirija ya jua inayaweza, zinatoa kama 0.7 ya joto unalozipa. Za hatua mbili (joto lilelile linatumika mara mbili) zinavuka 1, ila zinataka joto la nyuzi 150 na zaidi. Na nyingi zinahitaji mnara wa kutupa joto unaokunywa maji. Paneli zilipokuwa ghali hii ilikuwa njia nzuri. Sasa paneli na kompresa ya kawaida zimeipita kwenye majengo mengi.

#25 Mzee Kerosini
0.7 naipokea kwa hizo za hatua moja. Lakini joto linahifadhika kwa urahisi: tangi la maji moto lililovikwa vizuri linakaa hadi usiku, na hiyo ndiyo shida ya mwenye uzi. Paneli haihifadhi kitu.

#26 MwanaTanga
Mbona mnaisahau bahari? Mkondo wa Pemba una kina cha mita 800 hivi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimtoa silikanti, samaki wa vilindi, na vilindi hivyo ni vya baridi. Vuta maji ya huko kwa bomba, pitisha hotelini, baridi bure, unalipia pampu tu. Bora Bora hoteli moja inafanya hivyo tangu 2006. Toronto wanavuta maji ya ziwa tangu 2004.

#27 Bwana Hesabu
Wazo kubwa hilo, na Tanga ina haki ya kulitaja. Lakini Honolulu walikaa miaka mingi na mradi wa aina hii wakaufunga 2020 kwa sababu ya gharama. Inafaa pale kilindi kinapoanza karibu sana na ufuo na mteja ni mkubwa. Unguja kwa upande wa bara mkondo ni wa kina kifupi, hakuna baridi huko. Pemba labda.

#28 Rusizi
Nafuatilia toka Bujumbura. Nilitaka kuandika Ziwa Tanganyika, mita 1,470, halafu nikakumbuka: chini kabisa ni nyuzi 23 na kitu. Toronto maji yanafika nyuzi 4 kwa sababu wana majira ya baridi yanayoyapoza na kuyazamisha. Kwetu hakuna wa kuyapoza. Kina peke yake hakitoshi.

#29 Makulu Dodoma
Sisi huku tunatumia ile ya maji, feni inapuliza kupitia pedi iliyolowa. Wati 150, paneli moja inatosha, kiangazi chumba kinakuwa kizuri sana. Msiijaribu Kigamboni, mtaongeza unyevu juu ya unyevu.

#30 Kusi na Kaskazi
Nimesoma uzi wote, hakuna aliyegusa paneli zielekee wapi. Kila fundi Dar anakwambia kaskazini, kwa sababu tuko kusini mwa ikweta. Hiyo ni sawa kwa taa na TV za mwaka mzima. AC unaitaka Novemba hadi Machi, na katika miezi hiyo jua la mchana kwa sehemu kubwa liko kusini ya utosi wetu. Desemba limeinama kusini kama nyuzi 16. Paneli iliyoinamishwa 10 kuelekea kaskazini inalipokea kwa pembe ya 26, unapoteza kama asilimia 10 ya jua la moja kwa moja. Ukiielekeza kusini 10, pembe ni 6, hupotezi chochote cha maana. Juni utapoteza, lakini Juni nani anawasha AC?

#31 Fundi wa Paneli
Ndugu #30, kwenye karatasi ni sawa. Kazini bati ndilo linaloamua. Paa lake likielekea magharibi weka magharibi, utapata umeme mwingi saa 9 na saa 10, karibu na muda anaouhitaji. Cha maana ni paneli ziinuliwe kutoka kwenye bati hewa ipite chini, maana zikipata moto zinapoteza asilimia 0.3 hadi 0.4 kwa kila nyuzi moja juu ya 25. Na zikiinuliwa hivyo zinalipa bati kivuli. Msanifu atafurahi.

#32 Msanifu wa Upanga
Nimefurahi. Na hapo ndipo pendekezo langu lilipo, ambalo #10 hakulihesabu: baridi uiweke kwenye nyumba yenyewe. Washa AC saa 6 mchana hadi saa 11 jioni moja kwa moja kutoka kwenye paneli, bila betri, chumba kimefungwa. Tofali za inchi 6, ukihesabu nusu ya ndani ya kuta zote nne pamoja na sakafu, zinashika baridi ya zaidi ya uniti 1 kwa kila nyuzi moja unayozishusha. Shusha nyuzi 3, umeweka akiba ya uniti 4 bila kununua kitu. Usiku pangaboi ya wati 30 zile mpya, AC kwenye 27. Betri ya uniti 2.5 itatosha.

#33 Bwana Hesabu
Nusu ya hiyo akiba itavuja nje kabla ya saa 3 usiku. Ukuta wa nje haujavikwa chochote.

#34 Mama Nassra
Kwa hiyo sasa ukuta mnene unafaa. Alhamdulillah.

#35 Msanifu wa Upanga
Mama, ukuta mnene uliopozwa na mashine, ndiyo. Nimekuelewa.

#36 Fundi Baridi
Mnazungumzia joto tu. Pwani adui wa pili ni maji ya hewani. KigamboniKwetu, fanya hivi: weka ndoo chini ya lile bomba la AC linalodondosha maji, toka unapolala hadi unapoamka. Tuambie imejaa kiasi gani.

#37 Bwana Hesabu
Na hapo kuna hesabu nzuri sana. Kila lita 1 kwenye ndoo, AC imetumia baridi ya uniti 0.68 kuigeuza kutoka mvuke. Ni mita ya bure.

#38 KigamboniKwetu
Nimerudi na majibu. Ndoo ya lita 10 ilibaki kidogo ijae. Nikaziba upenyo chini ya mlango kwa mpira, nikajaza simenti tundu la ukutani lilikopita bomba la AC (fundi aliliacha wazi, mkono unapita), nikaufunga na mlango wa choo cha ndani ambao huwa wazi. Usiku uliofuata ndoo haikufika nusu. Nyuzi ni zilezile 25. Sijagusa dari bado.

#39 Msanifu wa Upanga
Umeona? Lita 9 ni uniti 6 za baridi, nusu ya kazi yote ya usiku. Umeipunguza kwa mpira wa mlango. Sasa ongeza sufi darini uone betri inavyopungua.

#40 Fundi Baridi
Polepole. Chumba kikiwa na mzigo mdogo, kompresa ya inveta inapunguza mwendo, koili ya ndani haipati baridi sana, kwa hiyo inakausha hewa kidogo. Ndoo ikipungua inaweza kuwa maji yamepungua kuingia, au maji yamebaki chumbani. Shuka likoje asubuhi?

#41 Mama Nassra
Na upepo umebadilika juzi, hata Unguja tumelala vizuri. Msiusahau upepo.

#42 KigamboniKwetu
Shuka si kavu kama nilivyotaka, lakini halijalowa. Kipima unyevu sina.

#43 Bwana Hesabu
Kitafute, ni kidogo tu cha kuweka mezani. Andika unyevu saa 3 usiku, saa 8 na saa 12 asubuhi, pamoja na uniti za Luku za AC peke yake. Unyevu ukibaki chini ya asilimia 60 na uniti zimeshuka chini ya 3, Msanifu anachukua uzi na unanunua betri ndogo. Uniti zikishuka na unyevu ukipanda kupita 70, Fundi ndiye mwenye haki, na hapo nitarudi na tangi langu la barafu, maana koili ya maji ya nyuzi 5 inakausha hewa vizuri kuliko inveta iliyopunguza mwendo.

#44 Fundi Baridi
Au abonyeze kitufe cha kukausha kwenye rimoti, kipo tayari, hakihitaji tangi.

#45 Bwana Hesabu
Kinakula wati ngapi usiku mzima? Hicho nacho akipime.